Kuendesha Darasa la Kupima Habari Maktabani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua Kutoka Moshi

Karibu kila wiki naulizwa maswali yale yale. Mkutubi wa sekondari huko Rombo anataka kujua kama anaweza kuanza bila kompyuta. Kijana anayejitolea Arusha anauliza siku ya kwanza afundishe nini. Mwalimu mstaafu ana wasiwasi kwamba wazee wenye vitochi, zile simu ndogo za vibonyezo, wataachwa nyuma. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti wa dakika 7, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Majibu mafupi: bila kompyuta inawezekana. Wazee waite, tena ndio watakaokubebea darasa. Na siku ya kwanza usifundishe kitu.

Darasa letu hukaa Jumamosi nne, saa nne hadi saa sita asubuhi, kwenye kona ya magazeti. Watu wanajifunza mambo mawili: kupima habari iliyoingia kwenye simu kabla ya kuiamini, na kutengeneza habari yao wenyewe yenye ushahidi. Hilo la pili wengi wanaliruka, wakati ndilo linalofanya kazi. Mtu aliyeandika mistari kumi kuhusu mtaa wake, akaulizwa "umejuaje?", akalazimika kurudi mtaani kutafuta jibu, huyo akipokea ujumbe wa kutumwa naye huuliza vivyo hivyo.

Wala hatujabuni jipya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili na kiongozi wa kikundi, halafu wakaenda kuchimba choo. Wengi wetu tunaofundisha mambo ya habari siku hizi tumebakiza kipindi na kijitabu, choo tumekiacha. Darasa lisilo na choo ni mahubiri.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Watu 12 hadi 15. Wakizidi 20, wanne wataongea na waliobaki watasinzia.
- Simu janja 4 au 5 kwa darasa zima. Usidai kila mtu aje na yake. Simu moja kwa watu watatu ni bora kuliko simu moja kwa kila mtu, kwa sababu inawalazimisha kubishana.
- Bando. Sisi GB 1 kwa kipindi hutosha, mradi video zizimwe na simu ziache kujisasisha zenyewe.
- Karatasi za A4, makapeni, seloteipu, na ukuta ambao hakuna atakayekununia ukiubandika.
- Magazeti ya zamani ya maktaba, hata ya miezi sita iliyopita. Hii ndiyo mali ambayo maktaba inayo na mtandao haukupi kirahisi, nasi tunaifungia vitumbua.
- Programu ya Kiwix kwenye kompyuta moja au simu moja, pamoja na faili la Wikipedia ya Kiswahili ulilolipakua mapema. Inasomeka bila intaneti kabisa.
- Mtu wa pili wa kukusaidia. Ukiwa peke yako, nusu ya kipindi itaishia kwenye nywila zilizosahaulika.

Projekta si lazima. Tuliwahi kuazima moja, tukapoteza dakika 40 kutafuta waya.

Hatua ya 1: Pata ruhusa, kisha chagua watu

Mweleze msimamizi wa maktaba kwa maandishi, nusu ukurasa: lini, wangapi, na kwamba kutakuwa na kelele. Neno kelele liandike waziwazi. Ugomvi mwingi wa maktabani huanzia hapo.

Kwenye kuchagua, changanya umri. Usifanye darasa la vijana peke yao. Kijana anajua kubonyeza, lakini mzee ndiye anayejua kwamba Mto Karanga hauko upande ule, kwamba kanisa lile halijawahi kuwa na mnara, kwamba mtu aliyetajwa alishafariki. Kupima habari kunahitaji wote wawili.

Hatua ya 2: Kusanya mifano kutoka kwenye simu za watu wenyewe

Wiki mbili kabla, weka boksi la viatu kwenye meza ya kuazimia vitabu, liandikwe "Leta ujumbe unaoutilia shaka". Watu waandike kwa mkono au wakuonyeshe skrinshoti. Mifano 30 inatosha. Utaona yale yale yanajirudia: dawa ya presha isiyotoka hospitali, nafasi za kazi zinazotaka "ada ya fomu", picha ya ajali, mtoto aliyepotea mwaka juzi ambaye bado anasambazwa, na zawadi ya kampuni ya simu.

Kila mfano uuandike upya kwenye karatasi, na majina na namba za watu uzifute. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kama isingekuwepo, mji wetu ni mdogo. Namba ya mtu ikibandikwa ukutani asubuhi, jioni inajulikana Majengo nzima.

KOSA LA KAWAIDA: kuchukua mifano ya uchaguzi wa Marekani kwa sababu iko tayari kwenye mtandao. Watu watatikisa vichwa kwa adabu na hawatajifunza kitu. Lipo pia bango zuri la IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, la mwaka 2017, lenye hatua 8 za kutambua habari za uongo. Nililibandika. Watu walilitazama kama ratiba ya basi la jana.

KOSA LA PILI, nililolifanya mwenyewe: kufungua darasa na kikombe cha Babu wa Loliondo. Kwangu ulikuwa mfano mzuri sana. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge kunywa dawa yake, kikombe shilingi 500, na habari ilisafiri kwa mdomo na kwa simu haraka kuliko magari yaliyokwama njiani. Ila darasani alikuwepo mama aliyempeleka mamaye huko. Hakusema neno, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Usianze na jambo ambalo mtu ameliwekea machozi yake. Anza na vitu vyepesi. Hayo mazito yatakuja yenyewe, yakiletwa na wenyewe.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, mafungu matatu

Bandika karatasi tatu ukutani: KWELI, UONGO, SIJUI. Gawa ile mifano, kila watu watatu kadi tano. Wape dakika 15 waamue na wabandike. Usifafanue chochote. Ukiulizwa, jibu: "Nyie mnaonaje?"

Fungu la SIJUI litakuwa tupu. Kwetu halijawahi kupata zaidi ya kadi mbili kwenye mzunguko wa kwanza. Watu wazima hawapendi kusema hawajui mbele za watu. Kazi yako kwa majuma manne ni kulinenepesha lile fungu, na kila anayehamishia kadi huko msifu kwa jina lake.

Ni muhimu uchanganye kadi za kweli zinazosikika kama uongo. Usipofanya hivyo utatoa watu wanaokataa kila kitu, na anayekataa kila kitu hana tofauti na anayeamini kila kitu: wote hawajakagua. Hizi mbili zimetufaa sana.

"Ukiwa kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, unapata intaneti ya kasi." Ni kweli. Mkongo wa intaneti ulifikishwa huko Agosti 2022.

"Mzungu wa kwanza kuandika kwamba Kilimanjaro ina theluji alikataliwa na wasomi wa kwao." Hii nayo kweli. Johannes Rebmann aliuona ule weupe Mei 1848, na mwongozaji wake aliuita "baridi" tu. Habari ilipofika London, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye Afrika alikuwa hajaikanyaga, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Hapa pana somo zima bila wewe kuhubiri. Waulize: Cooley alikosea wapi? Mzee mmoja mstaafu wa reli alijibu kwa sentensi moja ambayo sijaweza kuipita: "Alimpima kwa vitabu, hakutuma mtu."

Hatua ya 4: Wafundishe kuuliza majirani

Nadharia yote ya darasa iko kwenye hatua hii, nayo ni ya dakika 10.

Mtu akija kuposa, tabia zake humuulizi yeye. Unatuma watu wakaulize kwa majirani, kanisani au msikitini, kazini kwake. Habari nayo ni mposaji. Usikae unaukodolea macho ujumbe wenyewe, eti umeandikwa vizuri, una nembo, una jina la daktari. Toka nje, uliza wengine wanasemaje kuhusu aliyeutoa.

Sam Wineburg na Sarah McGrew, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walilionyesha hili mwaka 2017. Waliwakalisha wanahistoria 10, wakagua habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo chao mbele ya tovuti wasizozijua. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya ukurasa wakiusoma. Wakagua habari walitoka haraka, wakaenda kutafuta wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti, wakapata jibu sahihi kwa muda mfupi zaidi. Yaani maprofesa walipitwa na watu wanaojua kuuliza majirani.

Andika maswali matatu kwenye karatasi kubwa na uyaache ukutani mwezi mzima:

Nani kasema?
Kajuaje?
Wengine wanasemaje?

Kisha kila kundi lichukue kadi moja na simu moja. Watafute jina la mtu au taasisi iliyotajwa, siyo maneno ya ujumbe. Waangalie kama kuna gazeti au redio yoyote imeitaja. Waangalie JamiiCheck, Nukta Fakti au PesaCheck, ambako waandishi wanakagua uzushi unaozunguka kwetu, na mengi utayakuta kwa Kiswahili. Kwa ujumbe wa WhatsApp, waonyeshe alama ya mishale miwili: inakuambia kwamba ujumbe umeshapita mikono mitano au zaidi tangu ulipoanza safari. Alama hiyo haisemi kwamba habari ni ya uongo. Inasema tu kwamba aliyekutumia siye aliyeiona.

Wenye vitochi wafanye nini? Wape magazeti. Kadi inayosema "Serikali imetangaza wiki iliyopita" inaweza kukaguliwa kwa magazeti ya wiki hiyo. Kwetu kundi la magazeti limeshalishinda kundi la simu mara mbili, na shangwe zake zilisikika hadi mnara wa saa.

Hatua ya 5: Picha, kwa macho kwanza na simu baadaye

Kila mtu atakuambia ufundishe Google Lens. Fundisha, ni rahisi: bonyeza picha, tafuta, tazama mara ya kwanza ilipoonekana mtandaoni na ilikuwa nchi gani. Lakini anza na macho. Bando huisha.

Chapisha picha moja kubwa na uipitishe mkono kwa mkono. Tulikuwa na ya ajali ya basi, maelezo yakisema "Himo asubuhi hii, tuwaombee". Darasa lilikuwa kimya, wengine wanasikitika kweli, maana kila mmoja ana ndugu anayepita Himo. Kijana wa bodaboda, ambaye zamani alikuwa konda, akaivuta karibu na pua.

"Mwalimu, hili basi si la kwetu."

"Kwa nini?"

"Mlango. Tazama mlango wa abiria uko kulia. Huku konda angeshusha watu katikati ya barabara."

Picha ikazunguka upya. Sasa kila mtu akawa anatafuta kitu: namba ya gari ina rangi gani, kibao kimeandikwa lugha gani, askari amevaa nini, nyuma kuna migomba au kuna misonobari. Mama mmoja muuza ndizi Mbuyuni alisema zile ndizi zilizomwagika barabarani si za aina tunayopanda huku. Baada ya hapo ndipo tulipoiweka kwenye Google Lens, nayo ikatupeleka nchi nyingine na mwaka mwingine. Simu ilithibitisha tu kile ambacho konda alishakiona.

Picha nyingine nzuri kwa watu wa huku ni za moto mlimani. Mlima uliungua kweli Oktoba 2020, na ukaungua tena Oktoba 2022. Kwa hiyo ukipewa picha ya moto Kilimanjaro, kusema "kweli" au "uongo" hakutoshi. Swali ni: moto upi? Picha ya kweli yenye tarehe ya uongo ndiyo inayotudanganya mara nyingi kuliko picha ya kughushi.

Kuhusu picha na sauti za akili mnemba: siku hizi si rahisi kuzitambua kwa kuhesabu vidole. Usiwape watu mbinu itakayokufa baada ya miezi mitatu. Warudishe kwenye maswali matatu. Sauti ya mwanao inayoomba hela usiku unaikagua kwa kukata simu na kumpigia mwenyewe kwenye namba uliyonayo.

Hatua ya 6: Utapeli wa simu

Hapa darasa huwa na kelele kuliko siku zote, maana kila mtu ana kisa chake. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mwenye nyumba wa uongo. Mtoto amezidiwa shuleni. Nimeshinda gari. Waache wasimulie kwa dakika 20, hawajapata mahali pa kusimulia bila kuchekwa.

Halafu igizeni. Mmoja awe tapeli, mwingine mama mwenye haraka yuko sokoni na wateja wawili mbele yake. Tapeli apewe dakika 2. Wengine wanyooshe mkono kila wanaposikia anamharakisha. Watagundua wenyewe kwamba silaha ya tapeli ni haraka, uongo wenyewe unakuja baadaye.

Vitu vitatu vya kuandika nyuma ya daftari:

- Namba ya tapeli inaripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, bila malipo.
- Piga *106# kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kila mara kuna mtu anayekuta laini asiyoijua. Mwelekeze kwa kampuni ya simu siku hiyo hiyo.
- Namba ya siri hasomewi mtu yeyote, hata anayejitambulisha kwamba anapiga kutoka huduma kwa wateja.

Hatua ya 7: Sasa watengeneze wao

Jumamosi mbili zilizobaki ni za hapa. Chagua kazi moja kati ya hizi tatu. Tulipofanya zote tatu kwa mpigo, hakuna iliyokamilika.

(a) Gazeti la ukutani. Kila mtu aandike habari moja ya mtaa wake, mistari 10. Sharti: watu wawili walioona wenyewe na kitu kimoja kinachoonekana, kama risiti, tangazo, picha aliyoipiga mwenyewe. Mtu akileta "inasemekana", mrudishie karatasi. Mama aliyeandika kwamba bei ya ndoo ya maji mtaani kwake imepanda alirudishwa mara mbili, mara ya tatu akaja na bei za wauzaji wanne na siku alizowauliza. Ilikuwa habari bora kuliko nyingi ninazozisoma magazetini.

(b) Ramani. Chapisha ramani ya mita 500 kuzunguka maktaba kutoka OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea, gawa mitaa, tembeeni na kalamu. Andikeni kisichokuwepo: zahanati, bomba, fundi viatu, choo cha kulipia, mahali penye ngazi ambapo kiti cha magurudumu hakipiti. Mkirudi, mwenye simu ya Android aingize kwa programu ya StreetComplete au kwenye tovuti yenyewe. Kazi hii inawafaa sana wasiopenda kuandika. Tahadhari: msiingize nyumba za watu kwa majina yao.

(c) Wikipedia ya Kiswahili. Ipo tangu 2003, na bado makala nyingi za huku kwetu ni fupi kama tangazo la msiba. Anzeni kwa kusahihisha sentensi moja na kuiwekea chanzo kutoka rafu za maktaba.

Hili la tatu nalipenda kuliko yote, kwa sababu ya hadithi moja. Watalii hupenda kusimuliwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, Mlima Kilimanjaro, ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umepinda pale. Darasani karibu wote waliijua, na mwongoza watalii mmoja alikiri kwamba inamletea bahashishi. Tukasema haya, iwekeni kwenye makala kwa chanzo. Walikaa saa nzima kwenye rafu ya historia. Mpaka kweli umepinda. Wilhelm kweli alikuwa mjukuu wa Victoria. Lakini mapatano ya Uingereza na Ujerumani yaliyouweka mlima upande wa Wajerumani ni ya mwaka 1886, na Wilhelm alianza kuwa Kaiser 1888. Msichana wa kidato cha tatu ndiye aliyeiona ile miaka miwili. Uongo mtamu unajengwa kwa matofali ya kweli, na kuuvunja huhitaji uprofesa, tarehe mbili tu.

TAHADHARI MUHIMU KWA (c): Wikipedia hairuhusu zaidi ya akaunti 6 mpya kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti. Mkikaa 12 kwenye ruta moja, wa saba atakataliwa na utahangaika hujui kwa nini. Nusu yao wafungue akaunti nyumbani, siku tofauti. Pia: hakuna kunakili kitabu neno kwa neno, hakuna kuandika kuhusu wewe mwenyewe, na hakuna kumwandikia sifa mchungaji wako.

TAHADHARI KWA ZOTE: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuchapisha habari za uongo mtandaoni, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Liseme darasani bila kutisha, litawasaidia kuelewa kwa nini unawarudishia karatasi. Na kabla ya kufungua chaneli ya habari kwa jina la maktaba, ulizia kwanza leseni Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Gazeti la ukutani linatosha kuanzia.

Hatua ya 8: Kusahihisha bila kuvunja undugu

Mwanafunzi wako atarudi nyumbani amejaa moto, akamuumbue baba mkubwa kwenye kundi la ukoo lenye watu 84. Mzuie mapema. Anayeumbuliwa hadharani hutetea uongo wake hadi Krismasi.

Mfundishe amwandikie pembeni, kwa mfano hivi: "Shikamoo baba mkubwa. Ule ujumbe wa kuacha vidonge vya presha nimeuona. Nimetafuta jina la huyo daktari sikumpata popote. Je, wewe ulimjua kupitia nani? Naogopa bibi asije akaacha dawa zake." Angalia ujumbe huo: una salamu, una alichokagua, una swali, na una sababu ya kujali. Hauna neno "uongo". Mara nyingi baba mkubwa atafuta mwenyewe, kisha ataandika kwenye kundi kwamba amegundua habari ile si sahihi. Mwache apate sifa hiyo.

Wafanyie mazoezi kwa kuandika, wawili wawili, halafu wasomeane kwa sauti.

Yakikwama

Umeme umekatika. Zoezi la mafungu matatu, magazeti na maigizo hayahitaji umeme. Panga ratiba ili kila Jumamosi uwe na kitu cha karatasi pembeni.

Wamekuja watu watatu tu. Fanya darasa. Usiahirishe, maana ukiahirisha mara moja hata hao watatu hawatarudi. Tatizo huwa siku ya gulio au mazishi. Sogeza siku.

Mtu mmoja anajua kila kitu. Mpe kazi ya kuandika ubaoni wanayosema wengine. Hawezi kuandika na kuongea kwa pamoja.

Siasa imeingia. Itaingia. Kanuni yetu: tunakagua tukio, hatukagui chama. "Mkutano ulifanyika uwanja gani, siku gani, nani aliuona?" Swali la "nani yuko sahihi" lisubiri nje ya geti.

Mtu amegundua darasani kwamba alitapeliwa. Simamisha zoezi, mtoe pembeni na mwenzako amkalie karibu. Hapo ndipo utaona faida ya kuwa wawili. Msaidie kuripoti siku hiyo hiyo. Usimtumie kama mfano.

Wazazi hawataki watoto wapigwe picha. Wako sahihi. Piga picha za ukuta na mikono, au usipige kabisa.

Msimamizi amelalamikia kelele. Ulimwandikia kwenye barua? Kama hukuandika, nenda kaombe radhi, uhamie barazani.

Kadi imekataa kukaguliwa. Mmeuliza nani, kajuaje, wengine wanasemaje, na bado hamjapata kitu. Iwekeni kwenye bahasha ya SIJUI, na kila darasa jipya liifungue mwanzoni. Yetu ina kadi 9 hadi leo. Ya kwanza kabisa inasema kuna handaki la Mjerumani linaloanzia stesheni ya reli. Yule mzee mstaafu wa reli ameahidi kumleta mtu anayedai aliwahi kuingia humo. Ameahidi tangu mwaka jana, na kiti tumemwekea.